Chachu si Ndimu

Luzira, jioni kabla ya safari yako

Odong mwanangu,

Ukirudi kutoka kuwaaga wenzako, usifunue beseni lililo karibu na jiko. Naujua mkono wako, hauwezi kupita sufuria bila kuinua kifuniko. Hilo liache. Baba yako amekaa mlangoni juu ya kigoda, kifua mbele, kama yuko zamu, na nimemwambia akuzuie. Lakini tunamjua baba yako. Ukimchekea tu anafungua lango, na ni bahati ya serikali kwamba wafungwa hawajaligundua hilo. Kwa hiyo naandika haraka haraka kabla hujafika.

Sitakuandikia habari za kufunga sanduku, wala kuficha nauli kwenye soksi, wala kusali asubuhi. Hayo mama mdogo wako wa Kisumu atakuimbia mpaka masikio yaume. Mimi nataka kuandika juu ya chakula. Najua umetabasamu. Katika nyumba hii tumewahi kuzungumza habari gani nyingine?

Mwaka jana ulipopata nafasi ya kusomea umeme kule Kisumu, ulisema huitaki. Kwanza ulisema umeme unaua watu. Nilipokubana ndipo ukatoa la moyoni: "Nani atakupikia, Mama? Baba?" Baba yako alikuwa mlangoni anavua buti. Aliweka buti moja chini, akabaki na la pili mkononi kwa muda mrefu, na mimi nikajifanya natafuta mwiko. Nafasi ile ikachukuliwa na mtoto wa watu. Mwaka huu imerudi, na nafasi hazina tabia ya kubisha hodi mara tatu. Jana nikakuona jikoni unamhesabia baba yako kwa vidole vitu ninavyokula na vitu nisivyokula, na kila kidole kikikunjwa unanitupia jicho. Hapo nikaogopa. Nikaona kabisa kwamba kesho basi likianza kuunguruma unaweza kushuka na begi lako, urudi kunichambulia mboga zangu za nakati. Ndiyo maana naandika. Nataka upande basi lile, Odong, na ukae ndani yake mpaka lifike.

Jina lako, kwa lugha ya baba yako, ni yule aliyebaki. Tulikupa kwa sababu waliokutangulia hawakubaki, wawili, na wewe ulipofika umekunja ngumi tulisema huyu basi, huyu amebaki. Hatukukupa jina hilo ili ubaki jikoni kwangu mpaka uote mvi.

Hadithi ya ugonjwa wangu unaijua, lakini uliijua ukiwa mtoto, na mtoto akiwa chini ya meza huona miguu ya mambo tu. Ngoja nikuonyeshe na vichwa vyake.

Nilikuja Kampala baada ya vita, maduka yalipoanza kufunguliwa tena na watu walikuwa na hamu ya kila kitu, sabuni, vikombe, shuka. Nilikuwa navusha mabeseni ya plastiki kutoka Busia. Baba yako alikuwa ameshuka kutoka kaskazini, amepata kazi ya askari magereza hapa Luzira, kijana mrefu aliyevaa suruali ya mtu mfupi. Yeye hakujua neno la Kiluhya, mimi sikujua neno la Kiacholi, na Luganda ilitushinda wote wawili. Kilichobaki ni Kiswahili. Mimi changu nilikipata shuleni na kanisani, yeye chake alikipata kambini kwa askari. Changu kilijaa hadithi, chake kilijaa amri. Tulielewana kwa sababu tulitaka kuelewana, na mpaka leo sijaona sababu nyingine inayofanya watu waelewane.

Kisha, wewe ukiwa bado mtoto mdogo, nikakohoa. Nikapewa dawa za kifua, nikamaliza, nikapewa nyingine kali zaidi. Kifua kikapona, kinywa kikaharibika. Ulimi wangu uligeuka mweupe kama umepakwa uji, koo likawa linawaka, hata maji yaliniuma. Nilichoka kiasi cha kukaa chini katikati ya kufagia. Kuna na mengine ambayo sikuandikii, maana wewe ni mwanangu wa kiume. Unajua miaka ile ilivyokuwa. Mtu akikonda na kinywa kikiwa cheupe, majirani walikuwa na neno moja tu, silimu, yaani ukimwi, na walilisema kwa kunong'ona wakidhani mgonjwa wa kinywa ni mgonjwa wa masikio. Nilipimwa damu. Haikuwa hiyo.

Ndipo tukampata Nesi Zuhura kwenye kliniki ndogo ya Bukoto. Mtanzania, Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa pasi. Alinitazama kinywani kwa tochi akasema ni fangasi, wamejaa kwa sababu dawa zile za kifua zimeua hata wadudu wazuri wanaotulinda. Akanipa dawa. Habari ya chakula alimweleza baba yako, kwa sababu mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa ukutani, kusema siwezi na kusikia sitaki.

"Apunguze sukari," alimwambia, "na asile chochote chenye chachu."

Sasa, kwa mtu aliyejifunzia Kiswahili kambini, chachu ni kitu kimoja tu, kile kinachokunja uso. Tunda chachu, maziwa machachu. Baba yako alilibeba neno hilo kutoka Bukoto hadi Luzira akilirudia rudia lisimponyoke, na kwa kulishika hilo akaiacha sukari ianguke njiani. Alifika nyumbani kama mtu aliyepewa amri na mkuu wake. Akaingia jikoni, akakusanya ndimu zote, ukwaju, matunda ya pasheni, kibuyu cha maziwa ya mgando, vyote akavipeleka kwa Nalongo, jirani yetu mama wa mapacha.

"Nesi anasema hapana kula kitu chachu," aliniambia. "Ndimu hapana. Maziwa ile ya kulala hapana." Akavua kofia. "Malakwang pia hapana."

Sauti yake ilishuka aliposema malakwang. Wewe unaipika kila Jumapili kwa hiyo huwezi kujua ilikuwaje kuikosa. Yale majani yenye uchachu, yakipikwa na ule uji mzito wa karanga na simsim, ndiyo kwao, ndiyo mama yake, ndiyo kila kitu alichokiacha alipokuja kuishi na watu wasiosema lugha yake. Nilimwambia kwa ishara, wewe kula tu, mgonjwa ni mimi. Akatikisa kichwa.

"Kama wewe hapana, mimi pia hapana."

Shika maneno hayo, Odong. Tutayarudia.

Na ili kunifariji kwa yote niliyonyang'anywa, akawa kila jioni ananiletea mkate. Mkate mweupe, laini, bado una joto, ameukumbatia kifuani chini ya koti ili usipoe njiani. Na chai ya sukari tele. Siku ya mshahara aliongeza soda. Nalongo naye akamwambia bushera, kile kinywaji cha mtama, inatia mgonjwa nguvu, basi ikaja na bushera, ile changa ambayo bado ni tamu. Nilikula kwa adabu. Ningekataaje? Mtu ametembea na mkate kifuani kama mtoto mchanga. Nilivyozidi kula, ulimi ukazidi kuwa mweupe, na ulimi ulivyozidi, yeye akazidisha mkate.

Kuuliza si ujinga, na mimi nilikuwa mjinga kwa kutouliza. Neno chachu nilikuwa nalijua vizuri, nililisoma Jumapili baada ya Jumapili. Lakini ugonjwa ulikuwa umenitia aibu, nikamwachia mtu mwingine asikie kwa niaba yangu. Nakuomba usiwahi kufanya hivyo. Unakwenda kujifunza kazi ambayo neno moja likisikika vibaya haliunguzi ulimi tu. Mwalimu akisema kitu usichokielewa, muulize. Wenzako wakicheka, muulize tena, waache wacheke na wewe uishi.

Aliyetuokoa ni wewe. Ilikuwa kipindi kile cha kuelekea Pasaka, tumekaa kanisani watatu kwenye benchi moja, wewe katikati. Katekista akasoma habari ya Wana wa Israeli wanavyotoka Misri, wana haraka, wamebeba unga wao mabegani, wanakula mikate isiyotiwa chachu. Ukanivuta mkono. Ukaninong'oneza kwa sauti ambayo benchi tatu zilisikia:

"Mama, kwani wao walikuwa wanatia ndimu kwenye mkate?"

Nilikugeukia nikunyamazishe, na mdomo ukabaki wazi. Nikamtazama baba yako. Alikuwa anasali amefumba macho, mtu mwema kabisa, na kesho yake angeniletea mkate. Kwanza nikacheka. Nilicheka mpaka ulimi ukauma, nikauma kitambaa, mama wa mbele akageuka kuona nani ameingiwa na roho. Kisha nikalia, na sikuweza kumweleza mtu kwa nini. Wewe ulidhani nimekukasirikia. Ulinipa peremende uliyokuwa umeificha mfukoni, na hata hiyo ilikuwa na sukari.

Nesi Zuhura alipoelezwa alishika meza kwa mikono miwili. "Ndimu ndiyo nilitaka ale! Na mtindi usio na sukari! Chachu ni hamira, bwana. Mkate, maandazi, pombe, kila kinachoumuka au kulewesha, na sukari inayoilisha. Hamira!" Baba yako alisimama kofia mkononi. Anaijua hamira, kila mtu anaijua hamira. Hakuwa anajua kwamba ina jina la pili.

"Sasa mimi nalisha yeye ugonjwa," alisema.

Nilimshika mkono palepale, mbele ya wagonjwa wote, jambo ambalo hatukuwa na desturi nalo. Sikuwa na hasira hata kidogo. Nilijua nimekula mapenzi ya mtu miezi ile yote, ila yalikuwa yametiwa hamira. Tangu siku hiyo mtu akinikosea huwa najiuliza kwanza alikuwa anajaribu kuniletea nini kifuani mwake. Si mara zote jibu huwa zuri, lakini mara nyingi huwa mkate.

Basi jikoni kukageuka. Mkate ukatoka, sukari ikatoka, asali, soda, ndizi bogoya zilizoiva kupita kiasi, siki, hata uyoga ambao Nalongo alikuwa akituletea kwa heshima kubwa. Ndimu zikarudi kwa shangwe. Tulikula samaki ngege kutoka bandari ya Port Bell, mayai, parachichi, zile nyanya chungu za ntula, mchicha wa dodo, nakati, kitunguu saumu mpaka wanakwaya wenzangu wakaanza kuniachia nafasi. Tulikula zile dagaa ambazo wewe unaziita mukene na mimi nitaziita omena mpaka nife. Nalongo alikuwa akinisimamisha kwenye genge lake: "Mama Odong, leo nakati nzuli sana! Sukali wewe wacha, sukali ni mwizi, inakuja na cheko." Na mtindi, ambao umechacha kweli kweli, ukaruhusiwa, wakati mkate, ambao haukunji uso wa mtu yeyote, ukakatazwa. Jambo hilo baba yako hajalisamehe mpaka leo.

Siku malakwang iliporudi alikula sahani nzima, akala ya pili, kisha akaenda nje kusimama peke yake upande wa ziwa. Nilimwacha. Kuna shukrani zinazotaka nafasi.

Nilipona. Kama ni dawa, kama ni chakula, kama ni kule kucheka kanisani, sijui. Nesi alisema dawa ndiyo iliyofanya kazi kubwa na chakula kiliisaidia tu, akanionya nisiende kumhubiria kila mwenye tumbo linalomsumbua, maana kila mwili una yake. Nilimtii kiasi. Wanakwaya watakuambia kiasi gani.

Kosa langu mwenyewe lilikuja baada ya kupona, na hilo sitamsukumia mtu. Niliogopa. Niliogopa ule ulimi mweupe na ile minong'ono kuliko nilivyowahi kuogopa bunduki, na mtu mwenye hofu huwa mkali. Humu katika nyumba za askari, jikoni kwangu kukawa gereza ndani ya gereza. Nilinusa vikombe. Nilirudisha wageni na maandazi yao mlangoni. Na wewe ukawa mtumishi wangu mdogo. Ulikaa sakafuni unachambua karanga moja moja, unatupa zenye ukungu, ulimi umeutoa nje kwa bidii. Nilipenda kukuona hivyo. Sikujiuliza mtoto wa rika lako alipaswa kuwa wapi saa hizo.

Unakumbuka ubatizo wa mapacha wa Nalongo? Keki yenye maua ya waridi, watoto wamepanga foleni wanasukumana, na wewe ulipofikiwa ukaweka mikono nyuma. Ukasema, "Mama hali, na mimi sili." Wanawake wakapiga vigelegele. Wakaniambia nimebarikiwa. Nami, Odong, nilijaa majivuno. Nilipaswa kukuambia, kula mwanangu, keki ya watu si dhambi na ulimi wako hauna ugonjwa. Badala yake nilikupapasa kichwa, na kwa mkono ule ule nikakufungia mlango. Tangu siku ile hujala mkate. Shuleni wakakuita Mwisraeli. Mkate wako wa mapumziko uliwagawia wenzako, na nilipoambiwa na mwalimu nilijivuna tena.

Nesi aliposema sasa naweza kurudisha vyakula polepole, nianze na kipande cha mkate nione, ulikuwa pale. Ulikuwa umeanza kubalehe, sauti inavunjika. Ulinishika kiwiko ukasema, "Tusijaribu, Mama." Mimi, mtu mzima, nikatii. Ilikuwa raha, unajua? Raha ya kuwa na mtu anayekula unachokula, anayeacha unachoacha. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na mimi nilikuwa nimempata mla nami na mzaliwa nami katika sahani moja. Sikutaka kumwachia. Nadhani ulijifunza kwa baba yako, siku zile akiacha malakwang, kwamba kupenda ni kusema kama wewe hapana, mimi pia hapana. Yeye alikuwa mtu mzima, alijichagulia, tena ilikuwa kwa majira. Wewe ulikuwa mtoto, na majira yako hayajaisha mpaka leo.

Naomba yaishe kesho.

Nikuambie jambo. Mwezi uliopita, siku niliyosema nakwenda Bukoto kununua kitambaa, nilikwenda kwa Nesi Zuhura. Amezeeka, tochi ni ile ile. Nikala kipande cha mkate mbele yake, nimekaa kwenye kiti cha wagonjwa kama mtoto anayesubiri sindano. Nilirudi nyumbani nikangoja. Nikala tena baada ya siku kadhaa, na tena. Hakuna kilichotokea. Ulimi wangu ni ule ule, mwekundu, na unasema sana kama zamani. Sitarudi kwenye soda na sukari tele, hivyo sivitamani tena, na nakati naipenda sasa kwa haki yake yenyewe. Lakini mimi si mgonjwa wako, mwanangu. Ni mama yako tu, mzima, nina mikono miwili, na hata kabla hujazaliwa nilikuwa nakula kila siku.

Na baba yako amepika. Hukujua hilo. Juzi ulipokwenda mjini kuchukua tiketi alivaa kanga yangu kiunoni akapika omena na dodo. Chumvi ilitosha kambi nzima na wafungwa wao. Nilikula yote. Alisimama juu yangu akisubiri hukumu, nikamwambia tamu, akaniambia, "Odong asiogope. Kama mimi nasahau, mimi nauliza." Hilo ndilo nililotaka ulisikie kutoka kwake, lakini mbele yako hawezi kulisema, kwa hiyo nakuandikia mimi. Lile neno lako la mwaka jana lilimuuma. Hakukasirika, alijua una haki. Kesho asubuhi atakubebea sanduku mpaka kituoni. Mwachie alibebe, hata kama unaona anahema.

Sasa nikushukuru, maana nimezunguka kama mtu aliyekuja kukopa chumvi.

Asante kwa peremende ile ya kanisani. Asante kwa kila karanga uliyoitazama kabla sijaila. Asante kwa ile siku ya mvua kubwa uliyokwenda mpaka Port Bell kwa sababu nilisema nina hamu ya ngege, ukarudi umelowa, samaki umemkinga chini ya shati. Hapo ndipo nilipoona kweli umezaliwa na mtu wa mkate kifuani. Asante kwa kuuliza swali la kijinga kwa sauti kubwa, maana watu wazima wote tulikuwa na akili mno hatukuuliza. Nimelishwa vizuri katika maisha haya. Wanawake wengi niliovuka nao Busia na mabeseni vichwani hawakupata mtu hata mmoja wa kuwauliza wamekula nini leo. Mimi nilipata wawili. Namshukuru Mungu kwa ugonjwa ule, na sisemi hivyo kwa urahisi, maana uliniuma. Lakini bila huo nisingejua nimeketi katikati ya watu gani.

Beseni lililo karibu na jiko lina unga wa ngano.

Mchana nilimtuma baba yako dukani akanunue hamira. Alikataa. Askari wa miaka yote hii, amelinda watu wabaya usiku na mchana, alisimama mlangoni akaniambia, "Hiyo kitu? Mimi hapana ingiza hiyo ndani ya nyumba. Nesi alisema." Ilibidi nimweleze ni ya nani na ya nini. Akafikiri. Akaenda. Akarudi nayo ndani ya kofia yake ya kazi, ameishika mbali na mwili, akaiweka mezani, akanawa mikono. Nilikanda mwenyewe. Mikono ilikuwa imesahau, kisha ikakumbuka. Nimeufunika kwa taulo lako la zamani, lile la samawati, na sasa hivi nimechungulia. Umeanza kupanda. Kabla sijalala nitauoka kwenye sufuria, makaa juu na makaa chini kama alivyonifundisha mama yangu, na kesho utakuwa ndani ya begi lako, juu ya nguo, umefungwa kwa kitambaa.

Ukishavuka Busia, uko upande wa kwetu, ufungue. Ule wote, usimgawie mtu, au umgawie jirani yako kwenye basi ukitaka, lakini wewe uanze. Usinifikirie unapotafuna. Mimi saa hizo nitakuwa nakula nyumbani, chochote nitakachokula, pamoja na baba yako.

Wale wa Misri walikula mkate usiotiwa chachu kwa sababu walikuwa wanakimbia, hawakuwa na nafasi ya kuungoja. Wewe hukimbii, Odong. Hakuna anayekufukuza, na hakuna anayekushika. Kwa hiyo nimeungoja uumuke.

Mama yako